Mti Uliokaa Eda

Wanangu, kabla hamjaniuliza mti huo unauzwa wapi, nionyesheni kwanza vidole vyenu. Mwenye vidole visivyotulia, anayegusa kila kinachochipua na kumwagia kila kilichonyamaza, huyo namshauri afuge kuku. Kuku wanapenda kuhangaikiwa. Mti mnaoutaka nyinyi unapenda kusahauliwa kidogo, na kusahau kidogo ni kazi kubwa kuliko mnavyodhani. Mimi nilijifunza kwa kuukosea, na kosa langu nusura limvunje mtu ambaye tayari alikuwa amevunjika.

Mjukuu wangu ndiye aliyenichokoza. Alikuja na simu yake akanionyesha picha ya mti ndani ya bakuli, shina nene kama la mti mkongwe, na urefu wake hauzidi shubiri mbili. "Bibi, hii inaitwa bonsai. Inafugwa ndani ya nyumba." Nikavaa miwani. Majani yake manene, yanang'aa, ya kubonyea kama ndewe ya sikio la mtoto. Nikamwambia huu naujua, niliulea zamani Ngamiani, wala hatukuwa na jina la Kijapani. Sisi tuliuita mnene. Akanitazama vile wanavyotazamwa wazee wanaoanza kuchanganyikiwa, na ndiyo maana nayaandika haya.

Kazi yangu ilikuwa maua na miche. Katika miaka ya hamsini, sijafika hata umri wa miaka ishirini, nilitolewa kwetu Mwera, kule Pangani, nikaletwa Tanga mjini kwa shangazi yangu Mwanakheri. Alfajiri tulichuma asumini kabla hazijafunguka, tukatunga vikuba pamoja na mrehani kwa ajili ya nywele za wanawake. Mchana tulipandikiza miche kwenye makopo ya samli. Shangazi alikuwa mtu wa maneno machache, na hata hayo machache aliyatoa kwa kubana.

Wiki ya kwanza alinituma mchanga wa kuchanganyia udongo. Mimi mtoto wa Pangani, mchanga nilioujua ni wa ufukweni, mweupe na safi. Nikajaza kikapu, nikarudi najiona fundi. Siku chache baadaye miche yote ya mrehani ilikuwa imekauka. Shangazi akachukua chembe za ule mchanga akaniwekea ulimini.

"Waonja nini?"

"Chumvi, shangazi."

"Weye ungeyanywa maji ya chumvi?"

Tangu siku hiyo mchanga wangu ni wa mto, ule wenye chembe kubwa. Nanyi msinichoshe kwa kuniuliza udongo wa duka. Chukueni mchanga wa mto, vigae vya chungu kilichovunjika vilivyopondwa, makaa kidogo yaliyopondwa, na samadi kuukuu ya kujaza kiganja, basi. Bakuli liwe la kina kifupi na litobolewe chini, maana mizizi ya mti huu ni michache na haipendi kuogelea. Ukimwaga maji juu, yatokee chini kabla hujamaliza kusema bismillahi.

Sasa niwapeleke kwenye chumba chenyewe. Hata leo nikijinyoosha baada ya adhuhuri, macho yakianza kuwa mazito, najikuta nimeshaingia humo bila kupiga hodi. Dirisha linatazama mashariki. Jua linapita kwenye nondo na kuandika mistari sakafuni, na ile mistari inatambaa polepole mpaka inafika kwenye mkeka.  Wakati mwingine nazinduka na kuona nimekunja vidole, kidole gumba na cha shahada, kama ninayetaka kuchuna ncha ya tawi. Sijui hapo huwa nakumbuka au naota, na sijali.

Kilikuwa chumba cha Bi Zuwena. Ukoo wake asili yake Omani, na mumewe, Bwana Said, alikuwa akifanya biashara ya nazi na machungwa ya Muheza. Kila Alhamisi nilimpelekea Bi Zuwena vikuba. Nyumba yake uliinusa kabla ya kuiona: asumini kwenye mito, asumini kitandani, udi kwenye kanga. Katikati ya harufu zote hizo, dirishani, kulikuwa na kopo moja lenye mti usionuka chochote.

Bwana Said alipewa kijiti chake na mpishi wa meli iliyotoka kusini, kimefungwa katika kipande cha gazeti. Akakichomeka kwenye kopo, kikashika. Kwa miaka mitatu alikilea mwenyewe, hakuruhusu mtu kukigusa. Mpishi yule alimwambia ukichuna ncha moja, hapo hapo zinatoka mbili, naye alipenda jambo hilo kupita kiasi. Alichuna kwa kucha, akangoja, akahesabu. Na kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini alilizungusha kopo robo, ili upande uliokosa jua nao uonje.

"Nyumba nzima imejaa maua," Bi Zuwena alikuwa akinambia kwa sauti ya kumsikilizisha mumewe, "na huyu kaniletea kisiki."

"Kisiki hiki kitakuzika," Bwana Said alijibu, na wote wawili wakacheka.

Kilimzika yeye. Aliugua siku chache tu.

Nyinyi vijana siku hizi mnasikia neno eda mnadhani ni habari ya vitabuni. Mwanamke aliyefiwa na mume hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Hajipambi, hajitii manukato. Mimi niliyekuwa nikiingia na harufu mikononi nikajua kazi yangu katika nyumba ile imekwisha. Lakini baada ya siku kama kumi Bi Zuwena aliniita, akasisitiza nije bila ua hata moja.

"Shikamoo, Bi Zuwena."

"Marahaba, Hawa. Kaa."

Nikakaa. Alikuwa amevaa nguo nyeupe zisizo na nakshi, na uso wake umekuwa mdogo. Akaelekeza kidevu dirishani.

"Miye asumini siwezi kuwa nazo. Huo haunuki, hauna neno. Nataka uwe waja kuutazama. Ndicho kitu cha mwisho alichokitia mkono wake kikamea. Watoto Mungu hakutupa." Akalitazama kopo. "Ukifa na huo, Hawa, miye sitokuwa na cha kukifungulia dirisha."

Nikamwambia asitie shaka, mimi ndiyo kazi yangu. Ujinga wa ujana una ulimi mwepesi. Mrehani nilikuwa naujua, asumini naijua. Ule mti nilikuwa siujui hata kidogo.

Nyumba ya msiba haikosi watu. Wanawake walikuja kumkalia Bi Zuwena kutoka Pongwe, Muheza, mpaka Horohoro. Na wa kwanza kila asubuhi alikuwa wifi yake, Bi Shemsa, dada wa marehemu, mwanamke mwenye moyo wa dhahabu na mkono usiojua kiasi. Siku moja aliuona ule mti, akauliza wa nani, akaambiwa. Machozi yakamtoka. Akaenda jikoni akarudi na kata ya maji.

"Kunywesha kinachomea ni sadaka," alisema. "Thawabu zake zimfikie kaka yangu."

Akamimina kata nzima. Aliyefuata akaona, naye hakutaka kupitwa na kheri. Ikawa desturi ya chumba kile: kila aliyeingia kutoa pole alisoma Fatiha, akamshika mkono mfiwa, kisha akaumwagia mti wa marehemu. Watu kumi kwa siku, kumi na watano siku ya Ijumaa. Nani angemwambia mwenzake usitoe sadaka? Mimi pia nilimimina. Nilimpenda Bwana Said, alikuwa akinipa machungwa.

Ulipokaribia mwezi wa pili, majani yakaanza kukunyata. Yalipungua unene, ngozi yake ikafanya mikunjo. Mimi nikaona ni kiu. Mrehani ukikunyata si kiu? Basi nikaongeza maji, asubuhi na jioni. Hapo, wanangu, ndipo wengi wenu mtakapouua mti wenu, kwa hiyo someni polepole. Mti huu ukioza mizizi, hauwezi tena kunywa. Utakunyata ukiwa umesimama ndani ya maji. Ukiuona hivyo, kabla ya kushika kata, bonyeza shina kwa kidole gumba. Shina gumu na majani yamekunyata, hapo una kiu. Shina laini, umeuzamisha.

Mimi sikubonyeza. Asubuhi moja niliingia nikakuta majani yametapakaa dirishani, mengine sakafuni. Bi Zuwena alikuwa ameyaokota kiasi, ameyapanga juu ya mkeka mbele yake, moja moja. Chakula cha jana kilikuwa pembeni kimefunikwa kawa, hakijaguswa.  Nikamwambia naomba niupeleke kwa shangazi. Akaitikia kwa kichwa bila kunitazama.

Nilitembea barabara zote zile za Ngamiani na kopo kifuani, yale majani upindoni mwa kanga, nalia waziwazi. Shangazi Mwanakheri alilichukua kopo. Alinusa udongo, ukanuka kama maji ya muhogo yaliyolala. Akabonyeza shina chini, kidole kikazama.

"Nani kaufanya hivi?"

"Watu wa sadaka. Na miye."

"Weye zaidi," alisema. "Wao hawakusema ni mafundi."

Akachukua kisu, akakipitisha motoni, akanipa. Niliposita akanishika mkono. Tukakata shina, ndani pana duara la kahawia. Tukakata juu zaidi, bado kahawia. Tena. Kila pande lililoanguka nilijua ni mwaka mmoja wa Bwana Said. Tulipofika kwenye kijani kisicho na doa, kilichobaki mkononi mwangu kilikuwa ncha, haizidi urefu wa kidole cha kati, ina majani sita. Chote alichokipanda na kukishika marehemu kilikuwa chini, kimekuwa uji.

Nikataka kuipanda pale pale. Shangazi akanipiga kofi mkononi.

"Mnyaa wa kuzungushia ua ukikata leo ukapanda leo, huwaje?"

"Huoza."

"Basi? Kidonda kikauke kwanza. Siku saba kivulini, bila udongo, bila maji. Usikiangalie angalie."

Siku saba! Na Bi Zuwena ananingoja. Nilirudi kwake mikono mitupu, nimeitunga hadithi njiani. Nikamwambia mti umechoka, nimeuacha kwa shangazi upumzike.

"Upumzike?" Sauti yake ilikuwa ya mbali. "Kwani umefanya kazi gani?"

 Nikatazama zile nguo zake nyeupe, dirisha, ile mistari ya jua, na mdomo ukasema wenyewe.

"Umekaa eda, Bi Zuwena. Nao umefiwa. Umewekwa ndani, hauoni jua, haupewi maji wala hauguswi mpaka siku zake zitimie."

Nilidhani atanifukuza. Mabega yake yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akajifuta macho na upindo wa nguo, na sijui ni wakati gani kicheko kiligeuka kuwa kilio, maana nilikuwa nalia naye. Baadaye akavuta kile chakula, akafunua kawa.

"Eda yake siku ngapi?"

"Saba."

"Mwenye bahati," alisema, akatia tonge mdomoni.

Basi kila nilipokwenda aliniuliza, mwenzangu hajambo? Nami nilijibu hajambo, katulia; siku saba zilipopita nikasema bado kidogo. Sikumwambia nini kimebaki. Niliona nimeshampa cheko moja, nikaogopa kumnyang'anya.

Baada ya siku saba kidonda kilikuwa kimefanya ngozi kavu, ngumu. Nikaichomeka ile ncha kwenye mchanga wa mto, mkavu. Nikasubiri tena. Halafu matone, si maji, matone. Karibu mwezi mzima hakuna kilichotokea cha kuonekana. Nilipoivuta kidogo na kuona inanivuta nami, nikajua imeshika. Yale majani yaliyoanguka nayo, yale aliyoyaokota Bi Zuwena, shangazi alinifanya niyalaze juu ya mchanga katika sinia bovu. Mengi yakaoza. Machache yakatoa nyuzi za rangi ya waridi mwishoni mwao, na kila moja likaleta mti wa ukubwa wa punje ya mtama. Jani, wanangu! Tangu hapo sijawahi kulifagia jani la mti huu bila kulitazama mara mbili.

Nilipolirudisha kopo dirishani, Bi Zuwena alikuwa katika mwezi wa tatu wa eda. Nililizungushia kitambaa pande zote, shina lisionekane, nikamwambia bado ni dhaifu. Nikampa njiti moja ya ufagio wa chelewa. Ndiyo chombo kikubwa cha kazi hii, na bado kinaokotwa bure. Nikamfundisha aizamishe mpaka chini, aiache kidogo, aitoe. Ikitoka na udongo umeng'ang'ania, hakuna maji. Ikitoka kavu na safi, angoje siku mbili, ndipo maji. Wageni walikuwa wamepungua. Bi Shemsa alikuwa kwa mwanawe Muheza. Chumba kilikuwa chetu, sisi wawili na njiti yetu.

Siku zikawa ndefu na laini. Alikuwa akikaa upande wake wa mkeka, mimi upande wangu, jua linatambaa kati yetu. Ncha ilipotoa majani mapya nilimwonyesha pa kuchuna, juu kidogo ya jozi ya majani, kwa kucha, bila huruma. Alifumba macho alipochuna. Baada ya wiki mbili au tatu vikatoka vichipukizi viwili. Alivitazama muda mrefu kama mtu anayesikiliza mazungumzo ya chumba cha pili. Tawi lililotaka kwenda juu tulilivuta chini kwa uzi, ule ule wa kutungia vikuba, tukaufunga kwenye tundu la ukingoni mwa kopo. Msiharakishe hapo, likikatika halirudi. Vuteni leo kidogo, na wiki ijayo kidogo.

Ikafika Ijumaa ya mwisho kabla hajatoka eda. Nilikuja kulizungusha kopo robo yake. Bi Zuwena alikuwa amesimama dirishani, na kitambaa amekitoa.

"Hawa," alisema. "Kigogo alichokuwa akikishika Bwana ki wapi?"

Nilikuwa nimejiandalia uongo wa aina tatu. Niliuacha wote.

"Kilioza, Bi Zuwena. Chote. Watu walimwaga maji, nami nikaongeza, nilidhani ni kiu. Miye ndo n'lokiua. Hii ni ncha tu."

"Ilikuwapo yeye akiwa hai?"

"Huenda majani mawili ya chini. Hayo mengine yote yamekuja baadaye." Nikapiga magoti. "Nisamehe."

 Jua lilikuwa limefika kwenye mkono wake. Nilisikia muuza maji akipita nje na punda wake, akaja, akapita, akatoweka, nami bado nimepiga magoti. Kisha akakipeleka kidole penye panda ya matawi, pale alipopachuna yeye mwenyewe kwa macho yaliyofumbwa, akapapasa.

"Basi huu ni wangu," alisema.

Akalishika kopo kwa mikono miwili, akalizungusha robo. Mimi sikuligusa tena.

Wanangu, nimeshatunza miti mingi tangu wakati huo, mizuri kuliko ule. Nimewauzia watu, nimewafundisha, nimewagombeza. Nyinyi mna mabakuli ya kila rangi na mbolea za chupa, na mnataka shina nene kabla ya Idi. Shina halinenepi kwa kuombwa. Wekeni dirishani penye jua la asubuhi, chomekeni njiti, chuneni, ngojeni. Na mkikosea, semeni mapema kuliko nilivyosema mimi.

Siku aliyotoka eda nyumba ilijaa. Nilikuja na kapu la asumini, la kwanza baada ya miezi minne, nikamkuta ameshakogeshwa, amevaa kanga mpya, anapokea mikono ya watu. Bi Shemsa alikuwa amerudi kutoka Muheza. Aliuona ule mti dirishani, mdogo, wa kijani, umesimama. Akatoa sauti ya furaha, akakimbilia jikoni, akarudi na kata imejaa mpaka inamwagika sakafuni.

Mimi nilikuwa mbali. Nilifungua mdomo, lakini Bi Zuwena alikuwa ameshasimama kati ya kata na kopo.

"Ahsante, wifi," alisema kwa upole. "Kiu ya huu naijua miye."

Bi Shemsa akaitazama kata, akamtazama wifi yake, akaketi chini, akayanywa yale maji mwenyewe.